Nani Amlee Mzazi?



Kiswahili kina neno moja lililobeba habari nyingi kuliko linavyodhaniwa. Mtu wa mwambao akiambiwa "ndani mna mzazi", haelewi kwamba ndani mna mtu mwenye watoto. Huelewa mara moja kwamba ndani mna mwanamke aliyejifungua siku chache zilizopita, kwamba sauti zishushwe, na kwamba mlango usigongwe ovyo. Vivyo hivyo yako maneno "kulea mzazi". Lugha haikutosheka na kulea mtoto. Ilitambua zamani sana kwamba nyumba iliyopata mtoto ina watu wawili wa kulelewa, wala si mmoja.

Na kazi hiyo ya kulea mzazi ilikuwa na utaratibu wake. Pwani mzazi alikaa arobaini. Alikandwa kwa maji ya moto, akanywa uji wa pilipili manga, hakushika jembe wala mtungi. Na mimba ikiwa ya kwanza, mara nyingi ilimrudisha kwa mama yake mpaka siku hizo zipite. Uchaggani mzazi alipumzishwa kiasi cha miezi mitatu, akapikiwa mtori na kuchinjiwa. Kila pembe ya nchi ina yake, na watu wengi wanaweza kuzitaja mila hizo moja baada ya nyingine. Wanachokisahau ni kwamba chakula na maji ya moto vilikuwa nusu tu ya jambo lenyewe. Nusu ya pili ilikuwa watu. Wanawake waliomzunguka mzazi walikuwa wamepita njia ileile, na alipolia usiku bila sababu inayoeleweka alikuwapo mtu wa kumwambia kwamba hata yeye alilia hivyo, na mwezi gani machozi yalikoma.

Hata hivyo si haki kuzisifu mila hizo kupita kiasi, kama baadhi ya watu wanavyopenda kufanya wakisha kupata mishahara na kuishi mbali nazo. Mwanamke aliyeolewa ugenini, au aliyezaa bila mume anayetambulika, au aliyejifungua mtoto asiye hai, mara nyingi alilelewa kwa masimango. Na yule aliyethubutu kusema kwamba hana mapenzi na mtoto wake alinyamazishwa upesi, au akasemwa kwamba amerogwa. Mila zilijua kumfariji anayelia. Hazikujua sana kumsikiliza anayesema.

Kwa watumishi wa umma, nusu ile ya pili imekwisha kutoweka, na sababu yake ni kazi yenyewe. Chukua mfano wa mwalimu wa kike wa miaka 26, mwenyeji wa Newala, aliyepangiwa shule ya msingi wilayani Ngara. Mumewe ni karani katika mkoa mwingine. Anapojifungua, mama yake husafiri kutoka mwisho mmoja wa nchi hadi mwisho wa pili, akakaa wiki mbili, kisha akarudi, kwa kuwa mikorosho haingoji. Walimu wenzake huja Jumapili kwa furaha ya kweli, na sukari, na sabuni, na khanga. Humtazama mtoto, humsifu, huuliza uzito wake na jina lake, hunywa chai, huondoka. Wote wameuliza habari za mtoto. Hakuna aliyeuliza kama mama yake anapata usingizi.

Siku zinapita. Mwalimu yule ameanza kulala macho wazi hata mtoto anapolala. Chakula kinapoa mezani. Anajiona kuwa ndiye mama mbaya kuliko wote kijijini, na kadiri watu wanavyompongeza ndivyo anavyozidi kuamini hivyo. Kwa simu mama yake humwuliza: hujambo? Naye hujibu: sijambo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka likizo ya uzazi kuwa siku 84, au siku 100 kwa aliyejifungua watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja. Siku ya 85 atasimama mbele ya darasa lililojaa, na mwalimu mkuu ataandika katika taarifa yake kwamba siku hizi mwalimu huyu amekuwa mzito na mkali kwa watoto.

Yafaa kuueleza ugonjwa wenyewe, maana katika jambo hili maneno yamechanganywa sana. Wanawake wengi mno, siku ya tatu au ya nne au ya tano baada ya kujifungua, hupatwa na machozi, wakakasirika upesi na kucheka upesi. Hali hiyo si ugonjwa. Hupita yenyewe katika muda wa wiki mbili, hasa mzazi akiwa analala, anakula, na ana mtu karibu. Upande wa pili kabisa kiko kile ambacho watu hukiita kichaa cha uzazi. Mzazi hapati usingizi kabisa, anasikia sauti, anaamini mambo yasiyokuwapo, pengine juu ya mtoto wake mwenyewe. Hicho huwapata mmoja au wawili tu katika kila wanawake 1,000 wanaojifungua, aghalabu katika wiki mbili za mwanzo, nacho ni jambo la kukimbiza hospitali siku hiyohiyo, kama vile mzazi anayetoka damu. Hakuna kikundi cha wazazi kinachotibu kichaa cha uzazi, wala kisijaribu.

Katikati ya hayo mawili iko sonona, na hapo ndipo walipo wengi. Inaweza kuanza wakati wa mimba, na isipotazamwa inaweza kukaa mwaka mzima au zaidi. Haina kelele. Mwenye nayo huamka, hufua, hunyonyesha, huenda kazini. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika nchi zinazoendelea maradhi ya akili, hasa sonona, huwapata asilimia 15.6 ya wanawake wakati wa mimba, na asilimia 19.8 baada ya kujifungua. Maana yake ni kwamba wazazi ishirini wakikaa kwenye benchi la kliniki wakingoja mizani, wanne kati yao huenda wako katika hali hiyo. Mizani itawapima watoto wao barabara, na wao watarudi nyumbani kama walivyokuja.

Sababu moja ya kutoonekana kwao ni jina. Neno "ugonjwa wa akili" linapotajwa, fikra za watu wengi hukimbilia Mirembe, nguo zilizochanika na mtu anayesema peke yake barabarani. Mzazi mwenye sonona hajioni katika picha hiyo, wala jirani zake hawamwoni humo. Yeye husema tu: "nina mawazo." Na watu humjibu kwamba kila mtu ana mawazo. Ni kweli kabisa kwamba kila mtu ana mawazo, kama ilivyo kweli kwamba kila mtu hukohoa; lakini hakuna mwuguzi anayemwacha aliyekohoa miezi mitatu.

Njia ya kuwatambua ipo na si ghali. Mwaka 1987 yalichapishwa maswali kumi yaliyopewa jina la mji wa Edinburgh, ambayo mzazi huulizwa juu ya siku saba zilizopita: kama ameweza kucheka, kama amejilaumu bila sababu, kama huzuni imemnyima usingizi, na la kumi, kama limemjia wazo la kujidhuru. Huchukua dakika chache. Maswali hayo yametumika katika nchi nyingi, zikiwamo za Afrika, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba wazazi wapimwe sonona na wasiwasi baada ya kujifungua, lakini kwa sharti kwamba iwepo huduma ya kumpa atakayeonekana anaihitaji. Sharti hilo ndilo kiini cha jambo. Kumwuliza mtu habari za moyo wake kisha kumwambia "haya, nenda", ni afadhali asingeulizwa. Na madaktari wa maradhi ya akili ni wachache, wamekaa katika miji, na wingi wa wazazi wenye sonona hawahitaji daktari huyo hata kidogo. Wanahitaji watu.

Wako watakaosema kwamba kuwakusanya wazazi ili wazungumze ni kuanzisha baraza la umbea kwa gharama za umma. Swali hilo ni halali na linastahili jibu la mambo yaliyofanyika, siyo jibu la hisia.

Jibu la kwanza liko Zimbabwe. Washona wana neno "kufungisisa", yaani kufikiri kupita kiasi, na mtu wa Afrika ya Mashariki akilisikia maana yake hana haja ya kamusi. Ndiyo "mawazo" yaleyale. Daktari Dixon Chibanda, mmoja wa madaktari wachache wa akili katika nchi hiyo, mwaka 2006 alianza kazi katika mtaa wa Mbare, Harare, pamoja na akina bibi 14 waliokuwa wahudumu wa afya wa mtaa. Hawakupewa chumba. Walipewa benchi nje ya zahanati, chini ya mti, nao wakafunzwa namna ya kumsikiliza mwenye kufungisisa na kumsaidia achague tatizo moja alishughulikie kwanza. Matokeo ya kazi hiyo, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalihusu watu 573 katika zahanati 24. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona miongoni mwa waliokaa kwenye benchi walikuwa asilimia 14 hivi, na miongoni mwa wale waliopata huduma ya kawaida walikuwa asilimia 50.

Benchi lile ni la watu wawili. Lakini linalohusu mazungumzo haya zaidi ni yale yanayofuata baada ya benchi. Waliokwisha kusikilizwa hualikwa katika kikundi kinachoitwa Kubatana Tose, yaani kushikana pamoja, ambamo hukaa wakisuka mikoba huku wakizungumza. Mwenye kuyadharau mambo ya mikoba hajawahi kuona jinsi maneno mazito yanavyotoka kwa urahisi pale macho yanapokuwa yametazama kazi iliyo mikononi. Tena mwaka 2014 Chibanda na wenzake walichapisha jaribio dogo lililowahusu wazazi hasa. Wazazi 58 wenye sonona waligawanywa. Baadhi walikaa katika kikundi kilichoongozwa na wanawake wenzao waliofunzwa, wengine wakapewa dawa ya sonona. Baada ya wiki sita waliokaa kikundini walikuwa na nafuu kubwa zaidi. Watu 58 ni wachache, na hapana anayepaswa kutupa dawa kwa sababu hiyo. Hata hivyo, tayari ni vigumu kuliita jambo hilo umbea.

Jibu la pili liko nyumbani, katika kliniki za Dar es Salaam, na lina thamani kwa sababu halikupambwa. Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walichapisha mwaka 2013 habari za wanawake wajawazito 331 waliokuwa na virusi vya UKIMWI. Baadhi waliingizwa katika vikundi vilivyoongozwa na wauguzi wakunga kwa wiki sita. Wengine walipata huduma ya kawaida. Mwishoni, waliokuwa na sonona katika vikundi walikuwa asilimia 60, na nje ya vikundi asilimia 73. Tofauti hiyo ipo, lakini haikuwa kubwa kiasi cha kuwaridhisha wataalamu kwamba haikutokea kwa bahati. Vikundi havikuongeza idadi ya wanawake waliowaeleza watu wao hali zao. Lakini miongoni mwa waliosema, asilimia 88 ya waliotoka katika vikundi waliridhika na jinsi walivyopokewa, wakati kwa wengine ni asilimia 62. Yaani kikundi hakikuwalazimisha kusema; kilionekana kuwasaidia kuchagua wa kumwambia na namna ya kumwambia. Na liko jambo jingine la kuzingatiwa na kila anayetaka kuanzisha kikundi. Katika wale 331, waliofika mwisho wa kupimwa ni 188 tu. Wajawazito husafiri, hurudi kwao kujifungua, hubadili kliniki. Wiki sita ni chache kwa ugonjwa huu, na bado ni nyingi kwa mwanamke ambaye nauli yake inahesabiwa.

Yako majibu mengine. Katika majimbo ya Jharkhand na Orissa, India, kati ya mwaka 2005 na 2008, wanawake wa vijijini walikutana kila mwezi wakichambua wenyewe kwa nini watoto wachanga wanakufa na nini kifanyike. Vifo vya watoto wachanga vilipungua kwa karibu theluthi moja. Hawakukutana kwa ajili ya sonona hata kidogo. Lakini ilipofika mwaka wa tatu, sonona ya wastani miongoni mwa akina mama wa vijiji hivyo ilikuwa imepungua kwa asilimia 57, ikilinganishwa na vijiji visivyokuwa na vikundi. Na katika jimbo la Ontario, Kanada, wanawake 701 waliokuwa katika hatari ya sonona waligawanywa, nusu yao wakapigiwa simu na mama wa kujitolea ambaye yeye mwenyewe aliugua sonona baada ya kuzaa akapona. Wiki kumi na mbili baada ya kujifungua, waliokuwa na dalili walikuwa asilimia 14 kwa waliopigiwa simu, na asilimia 25 kwa wasiopigiwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2009. Kanada ni mbali na Ngara, lakini simu iko Ngara.

Basi kinachofanya kikundi kiwe dawa, badala ya kuwa kijiwe, ni nini? Hapa ndipo penye kazi, na wengi wenye nia njema wamekwama hapa.

Mbele ya yote ni wenyewe kuwa sawa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi. Aliyesahau usiku wa kunyonyesha huuona mzigo huo mwepesi, akaanza kutoa mawaidha. Na mawaidha ndiyo yanayowafukuza wazazi upesi kuliko jambo jingine lolote. Kwa hiyo wanakikundi wawe ni wale ambao watoto wao hawajafika mwaka, na kiongozi awe mama aliyepita hapo karibuni, akafunzwa, akawa na mwuguzi wa kumwendea anapoelemewa. Kufunzwa si mapambo. Katika wilaya za Rakai na Masaka, Uganda, kwenye vijiji vilivyokuwa vimeathiriwa vibaya na UKIMWI, viongozi wa vikundi vya watu wenye sonona hawakuwa matabibu. Walikuwa wenyeji, wa kiume kwa vikundi vya wanaume na wa kike kwa vikundi vya wanawake, waliofunzwa wiki mbili kwa bidii kubwa. Vikundi vilikutana mara moja kwa wiki, kwa wiki 16. Mwishoni, watu wenye sonona katika vijiji vyenye vikundi walikuwa asilimia 6.5, na katika vijiji vingine asilimia 54.7; na baada ya miezi sita zaidi tofauti ilikuwa bado ipo, 11.7 kwa 54.9. Hayo hayakupatikana kwa kukusanyika tu. Yalipatikana kwa sababu kila mkutano ulikuwa na kazi yake, na mwenye kuuongoza alijua kazi hiyo ni ipi.

Kisha ni siri. Watumishi wa umma wanaishi katika nyumba zinazotazamana, na habari ya asubuhi katika nyumba moja ya mwalimu huwa imefika ofisi ya walimu kabla ya kengele. Mwalimu hatasema mbele ya mwenzake wa darasa la pili kwamba jana alimwacha mtoto akilia akatoka nje kwa sababu aliogopa mikono yake mwenyewe. Kwa hiyo kikundi cha shule moja hakifai. Kata ina shule kadhaa, ina zahanati, ina ofisi. Wazazi wa sehemu hizo zote wakichanganywa, kila mmoja atakuwa na wasiomjua vyema, na hilo ni jema. Cheo nacho kibaki mlangoni. Mkuu wa idara akiingia kikundini na aliye chini yake, mmoja wao atanyamaza, na si vigumu kujua ni yupi.

Wako wanaopendekeza kwamba kazi hii wapewe akina mama wa vikoba na upatu, kwa kuwa vikundi vyao viko tayari. Pendekezo hilo lina mvuto, na pengine kuna mahali litafaa. Lakini katika kikoba kuna madeni. Mwanamke anayedaiwa na aliye mbele yake hawezi kumwambia kwamba anashindwa kuamka asubuhi, maana mwenzake atasikia jambo jingine: kwamba marejesho ya mwezi huu hayaji.

Tena kikundi lazima kijue mpaka wake. Yule atakayejibu swali la kumi kwa kukubali, yule anayesikia sauti, yule anayepigwa nyumbani, hao si wa kuombewa subira mpaka mkutano ujao. Kiongozi awe na jina la mwuguzi au tabibu anayejulikana, na namba yake, na njia ya kufika. Kikundi kisicho na njia hiyo ni hatari, kwa sababu humfanya mtu aseme yale ambayo hakuna awezaye kuyabeba.

Yabaki maneno juu ya akina baba, ambao kwa kawaida hutajwa katika jambo hili kwa kulaumiwa tu. Uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba karibu baba mmoja katika kumi huwa na sonona kati ya wakati wa mimba na mwaka wa kwanza wa mtoto. Haionekani kwa sababu baba halii. Baba huchelewa kurudi, huwa mkali, hunywa, hukaa kimya, na huko mtaani huambiwa kwamba ameshindwa nyumba. Sheria ileile ya mwaka 2004 ilimpa siku tatu za likizo, zitumiwe ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Mtumishi aliyeko mkoa mwingine huzimaliza ndani ya basi. Kijiwe cha kahawa anacho, lakini kijiwe kina mpira na siasa, na mtu akianza kusema kwamba anaogopa kurudi kwake jioni, wenzake wataligeuza kuwa mzaha kabla hajamaliza. Mfano wa Rakai na Masaka unaonyesha kwamba wanaume wa vijijini walikaa wiki 16 wakizungumza wao kwa wao. Kwa hiyo hoja kwamba mwanamume wa Kiafrika hawezi kuzungumza habari za moyo wake ni kasumba tu. Kinachopungua ni mahali na mtu wa kuongoza, na pengine jina: wakiitwa "kikundi cha afya ya akili" hawatakuja, wakiitwa "baba wenye watoto wachanga" watakuja baadhi, na hao watawaleta wengine.

Katika yote haya, fedha zinazotakiwa si nyingi, na vifaa vingi vimekwisha kuwapo. Siku ya kliniki ipo, na wazazi huja wenyewe. Wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii wapo. Sheria inamruhusu mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi. Mwalimu mkuu au mkuu wa ofisi asiyeona taabu anaweza kuzipanga mwishoni mwa siku moja ya juma, ili mwalimu amnyonyeshe mtoto wake pale pale kwenye mkutano. Matawi ya vyama vya wafanyakazi, ambayo hujua sana kuchangia mazishi, yanaweza kulipa nauli ya kiongozi wa kikundi na vocha ya kuwapigia simu walio mbali. Na mtumishi anapohamishwa, yule kiongozi ampe namba ya mwenzake wa kule aendako, kama hospitali inavyoandika barua kwa hospitali nyingine.

Lakini kuna jambo dogo ambalo uzoefu wa vikundi vya kila aina unafundisha, nalo ndilo huvunja mikutano mingi kuliko ukosefu wa fedha. Jumatano saa tisa wazazi sita wamefika na watoto mgongoni, jua kali, na chumba cha darasa kimefungwa. Mwenye ufunguo amekwenda mjini. Watangoja nusu saa chini ya mwembe, wiki ijayo watakuja wanne, na wiki itakayofuata mmoja, yule aliyekuwa na shida kuliko wote. Kabla ya kuchagua kiongozi, kabla hata ya kuandika barua kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, achaguliwe kwanza mtu wa kushika ufunguo, na awepo mwingine mwenye wa pili.